Maelezo ya Chuo, Ukurasa Mmoja

Mkuu wa chuo kasema: andika ukurasa mmoja,
wageni wa Konferensi wanafika Jumatatu.
Idadi, kozi, majengo, dira.
Basi naandika.

Chuo kipo Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu,
pale ardhi inapokatika ghafla
na Ruvuma kuonekana chini kama uzi ulioangushwa.
Kilianzishwa na Wamethodisti wanne
na mhasibu mmoja Mwislamu, Mzee Nantende,
ambaye mpaka leo ndiye mwenye funguo zote.

Wanafunzi ni mia na arobaini na watatu.
Niliandika hivyo, nikafuta.
Oktoba huwa mia na kumi,
kwa kuwa mnada wa korosho umechelewa
na baba zao wameshika stakabadhi za ghala
kama abiria mwenye tiketi ya basi lililokwishaondoka.
Mzee Nantende anazipokea. Anazitia kwenye boksi la chaki.
Katika daftari anaandika: Ada, ipo njiani.

Kozi: historia, hisabati, fasihi, falsafa,
elimu ya mimea,
muziki kwa wenye sauti na kwa wasio nayo.
Kwa pamoja huitwa sanaa huria.

Hapa ukurasa unaanza kuniponyoka.
Maana mwaka ule wa kwanza alikuja mtu wa Kitangari,
Bwana Likumbage, anakokota baiskeli,
binti yake anasukuma kwa nyuma,
na juu ya keria gogo la mpingo
limefungwa kwa mpira wa tairi.
"Nimesikia hiki ni chuo cha sanaa," akasema.
"Mti huu nimeuweka miaka kumi na mmoja.
Mfundisheni. Msimpe patasi butu."

Hakuna aliyecheka.
Mwalimu wa falsafa alimletea kiti,
akamweleza mpaka jua likafika utosini:
akili, alisema, uhuru, kupima hoja, kuuliza.
Mzee alisikiliza vizuri, kofia magotini.
Kisha akauliza yeye: "Kwa hiyo mnachonga nini?"
Na mwalimu, mwenye jibu la kila kitu,
akaomba maji.
Na maji, Newala ya siku zile,
hayakuwa kitu cha kuomba ovyo,
wanawake wakiyapandisha kutoka bondeni kichwani.

Gogo aliliacha. Binti pia.

Majengo: madarasa sita, bweni mbili,
kanisa la bati.
Mvua ikinyesha mhubiri hukaa chini, hungoja,
nasi hungoja naye; si ibada mbaya.
Jikoni ni Bi Somoe. Mwezi wa Ramadhani
hupika daku, hupika uji wa asubuhi,
na katikati hulala juu ya gunia la muhogo
asitake kuamshwa na dini yoyote.

Maktaba ina vitabu elfu mbili na kumi na sita.
Arobaini, vya msaada, vinafundisha
namna ya kutunza gari wakati wa theluji.
Tumevisoma. Mwezi Juni, ukungu ukiingia hadi mezani,
tunajiona tumejiandaa.

Mlango wa maktaba hauna komeo.
Upepo wa ukingoni hauupigi tena,
kwa sababu umeegemezwa na gogo la mpingo.

Kila msimu wa korosho baba huja.
Hasalimii ofisini kwanza. Anapita maktaba,
anainama, anapitisha kiganja kwenye gogo,
anatafuta ufa.
"Halijapasuka," ananiambia.
Nami namwonyesha nilichoandika mwaka huo,
anakishika mbali na macho, hajui kusoma,
anapitisha kiganja hapo pia.

Mkuu wa chuo kasoma rasimu.
Kasema: fupisha. Ondoa muhogo, ondoa theluji,
ondoa habari za baba yako, Fidea,
wageni wanataka takwimu.

Nimeondoa. Ukurasa sasa ni safi,
una dira na una dhamira.
Ila mwishoni kabisa, chini ya Samani,
baada ya viti mia na sitini, vizima mia na ishirini,
meza themanini, kengele moja,
nimepiga chapa: gogo, moja.
Hali yake: zima.